Maji ya Kikombe

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika watu hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Ilikuwa Jumamosi, na kila mwenye sherehe alikuwa amekumbuka dakika za mwisho kwamba hana nguo. Binti alikuwa ameinama chini ya meza ya nyuma, mkoba umening'inia shingoni, mkono umekamata ncha ya jora jeupe la pamba nzito, la mwisho lililobaki. Akavuta. Jora halikuja. Akavuta tena kwa hasira, nalo likavutwa kutoka upande wa pili.

"Dada, hilo nimeshalishika," ikasema sauti ya kiume ng'ambo ya meza.

"Na mimi nimeshika nini, hewa?"

Wakainuka kwa pamoja, kila mmoja na ncha yake. Mwanamume alikuwa mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, na juu ya sikio moja kulikuwa na unga mkavu ambao hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba upo. Binti alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, maana alilishona mwenyewe, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni kama mkufu.

"Kitambaa cha kike hiki," binti akasema. "Wewe utakifanyia nini?"

"Nafunika madonge ya unga. Mimi mwokaji mikate. Donge likiachwa wazi linakauka ngozi, halafu mteja ananitukania mama. Na wewe?"

"Mimi nafunika watu. Nashona kanzu za ubatizo."

Mwokaji akacheka mpaka unga ukamdondoka sikioni. "Basi tugawane. Wewe wafunike wakati wa maji, mimi niyafunike madonge kabla ya moto."

Muuza duka, aliyechoka kusukumwa, alikata jora katikati bila kuwauliza. Walipotoka nje, kila mmoja na kifurushi chake, walikuwa wameshabadilishana namba za simu, na binti alikuwa ameshampa jina. Alimwita Hamira, kwa kuwa aliongea kuhusu hamira njia nzima na kifua kikizidi kumtuna. Yeye naye alimwita Sindano. Hakuna aliyelalamika.

Simu zao zilikuwa za alfajiri. Hamira alipiga akiwa anasubiri tanuri lishike moto, Sindano akiwa anapasha pasi.

"Umeamka, mpenzi?"

"Nani amekuruhusu kuniita mpenzi kabla sijapiga mswaki?"

"Basi nikuite baada ya mswaki. Nasubiri hapa hapa."

Alisubiri kweli. Sindano alipiga mswaki simu ikiwa kwenye ukingo wa sinki, akicheka na povu mdomoni. Hivyo ndivyo mapenzi yalivyomuingia, kidogo kidogo, na aliposhtuka alikuwa hawezi kutia uzi kwenye sindano kabla hajaisikia sauti ile. Siku moja Hamira alipita kwenye chumba chake cha kushonea, akamkuta anatia vijiwe laini ndani ya pindo la kanzu.

"Mnawabatiza au mnawazamisha?"

"Kanzu ikiingia majini inaelea. Dada wa watu atoke dhambini na mapaja nje? Vijiwe vinaishikilia chini." Kisha akamtazama kwa chati. "Wewe umebatizwa?"

"Zamani sana. Nikiwa mchanga kabisa, kwa kikombe."

"Kikombe!" Sindano akacheka.

Hamira hakucheka. Aligeuka akaanza kuulizia bei ya vifungo, na Sindano, ambaye macho yake hukamata uzi mmoja uliolegea kwenye shuka zima, hilo hakulikamata.

Sasa ijulikane kwamba baba yake Sindano alikuwa mchungaji. Kanisa lake halikuwa kubwa, lakini mbele ya madhabahu, chini ya mbao za sakafu zinazoinuliwa, palikuwa na birika lenye ngazi, na birika lile alilipenda kuliko mimbari. Kwake yeye, asiyezama hajabatizwa. Waliomwagiwa maji utotoni aliwaita wakavu, akawa anawaombea kwa bidii. Mke wake alikuwa amefariki, nyumbani walibaki yeye na bintiye tu, na mchumba wa kwanza aliyekuja hapo, mwalimu mpole, alikosea akasema yeye alibatizwa akiwa mtoto wa wiki mbili. Mchungaji alimfafanulia mpaka chai ikapoa. Mwalimu yule aliaga vizuri na hakuonekana tena.

Kwa hiyo baba alipouliza mezani, "Huyo kijana wa mikate amebatizwa?", Sindano akaweka kijiko chini. Mwalimu akamjia kichwani, na kikombe chake cha chai baridi.

"Bado, baba," akasema.

Alijiambia hajadanganya. Kwa hesabu za nyumba ile, aliyemwagiwa na ambaye hajaguswa ni yule yule. Lakini sahani aliiacha nusu.

"Vizuri," baba akasema, uso umemkunjuka. "Aliye mweupe kabisa ni rahisi kufundishika. Aje darasani. Akipita kwenye maji, mimi mwenyewe nitawafungisha."

Kwa Hamira jambo hilo alilipeleka kwa namna nyingine. "Mpenzi, baba anataka usikilize mafundisho yake. Ni kusikiliza tu. Usibishane naye, nakuomba, na habari za kikombe usizitaje. Tutaona mbele."

"Kusikiliza hakuniumizi," Hamira akasema. "Nasikiliza wateja kila siku."

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki. Sindano alikaa mlangoni, akijifanya anapima mabega ya wanafunzi kwa ajili ya kanzu, roho mkononi. Baba yake alikuwa mwalimu mzuri, hilo hata maadui zake walikiri. Alieleza kwamba maji hayakuanza na Wakristo. Wayahudi walikuwa na desturi ya kuoga ili watakate kabla ya kukaribia mambo matakatifu, na mtu alijichovya mwenyewe, tena na tena. Ndipo Yohana akatokea mto Yordani, akawaita watu watubu, akawachovya kwa mkono wake. Yesu naye akaingia katika mto ule ule.

"Na maana yake?" Mchungaji akauliza, kisha akajijibu, maana hakuwa mtu wa kusubiri. "Ni kaburi. Unashuka unazikwa na Kristo. Unainuka umefufuka naye. Nani aliwahi kuzikwa kwa kunyunyiziwa mchanga kidogo kichwani?"

Darasa likacheka. Hamira akanyoosha mkono. Sindano alimkazia macho, lakini wapi.

"Mchungaji, hao Wakristo wa mwanzo, walipokuwa mahali hakuna mto wala birika, walifanyaje?"

"Swali zuri." Mchungaji akavua miwani. "Siwezi kukuficha. Walimwagia maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Lakini hiyo ilikuwa dharura, kijana wangu. Dharura haiwi sheria."

"Asante, Mchungaji," Hamira akasema. Hakuuliza kitu kingine. Njiani alimshika Sindano mkono kwa nguvu kuliko kawaida, na Sindano akadhani ni mapenzi tu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kuwatambulisha wanafunzi. Sindano aliona ni nafasi nzuri ya wazazi kuonana, akamwalika mama yake Hamira. Mama alikuja amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na mikono yake, iliyozoea kukanda, ikitulia juu ya mkoba. Aliketi benchi la mbele. Sindano alimpigia magoti kidogo, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia marahaba kwa tabasamu la mtu aliyeshamkubali mkwe.

Wanafunzi waliitwa, wakasimama. Mchungaji alipomfikia Hamira, furaha ikamzidi.

"Kanisa, mwoneni huyu! Kijana huyu hajawahi kubatizwa maisha yake yote, si kwa njia sahihi wala kwa njia ya uongo. Mama mzazi tunaye hapa. Mama, ulimlea mwanao gizani, lakini usilie, Jumapili ijayo utamwona akizaliwa!"

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alimtazama mwanawe kwanza, kisha akamtazama Sindano, muda mrefu, kisha akainuka, akashika mkoba wake na kutoka kwa njia ya katikati, kiatu chake kikigonga sakafu mpaka mlangoni. Hamira akamfuata bila kuangalia nyuma.

Sindano aliwakuta nje, karibu na geti.

"Ulimwambia baba yako mimi ni nani?" Hamira akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha.

"Hamira, nisikilize. Kwa baba yangu kumwagiwa ni..."

"Ulimwambia sijabatizwa. Na mimi ukaniambia ni kusikiliza tu."

"Niliogopa! Angekukataa. Ni maji tu, mpenzi, nini kitapungua?"

Mama, aliyekuwa amewapa mgongo, akainamisha kichwa. Hamira akamshika bega, wakaondoka.

Baada ya hapo simu ilikaa kimya. Alfajiri Sindano alipasha pasi, akaitazama simu kwenye ukingo wa sinki, akapiga mswaki kimya kimya. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alishona mkono wa kanzu juu chini, akaufumua, akaushona tena vile vile. Baba naye aliendelea kuimba nyumba nzima, akiamini yule mama alikuwa ameguswa na Roho. Mara mbili Sindano alifungua mdomo ili amweleze, na mara mbili akaomba chumvi.

Ilipofika katikati ya wiki alipiga moyo konde, akaenda kwenye duka la mikate. Hamira alikuwa ametoka kupeleka oda. Mama alikuwa peke yake nyuma, mbele ya meza ndefu, anakanda. Sindano alisimama mlangoni kwenye joto la tanuri, kijasho chembamba kinamtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa mikono uje unisaidie, usisimame kama mdai."

Akanawa. Wakakanda, donge hili na lile, mpaka Sindano akaona hawezi tena kunyamaza.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni jambo zito kiasi hicho. Kwetu sisi..."

"Najua kwenu mnavyosema. Nimeishi na watu wa kila kanisa." Mama akalifunika donge kwa kitambaa cheupe. "Alikuambia alizaliwa na mwenzake?"

Sindano akatikisa kichwa.

"Hasemi. Walikuwa pacha. Walikuja kabla ya wakati, wadogo, ungeweza kumweka mmoja kwenye kiganja. Padri alikuwa mbali na mvua inanyesha. Mkunga aliniambia, mama, hawa sidhani. Alikuwa mwamini. Akachukua kikombe kidogo, kile cha kunyweshea dawa, akateka maji ya bombani, akawamwagia kichwani mmoja baada ya mwingine, na kuwatajia Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nililala pale nikiwaangalia. Mmoja alikunja uso, maji yalikuwa ya baridi. Huyo ndiye Hamira wako." Akavuta donge jingine. "Yule mwingine hakukunja. Asubuhi nilimzika."

Tanuri likanguruma. Sindano aliacha kukanda.

"Maji yalikuwa yale yale, mwanangu. Kikombe kile kile. Sasa kama ya huyu hayakuwa kitu, ya yule yalikuwa nini? Hebu niambie wewe unayejua. Yule wangu alikwenda na nini?"

Sindano alilia, mikono imejaa unga, na mama akamwacha alie. Hakumkumbatia wala hakumfukuza. Mwisho akampa kitambaa ajifute.

"Mwanangu anakupenda," akasema. "Hilo ndilo linaloniogopesha."

Maneno hayo Sindano aliyaelewa Jumamosi, simu ilipolia. Aliiwahi kwa haraka hata akakosea kitufe.

"Sindano." Sauti ilikuwa imekwaruza. "Kesho nakuja. Nitaingia majini."

"Hamira, hapana. Mama ameniambia yote."

"Basi unajua. Nimefikiri wiki nzima. Kukupoteza siwezi. Nikiwa kazini naunguza mikate, wateja wananiuliza kama nimefiwa. Ni maji tu, ulisema mwenyewe."

"Nilisema ujinga! Na mama yako je?"

"Amesema nifanye ninavyoona. Halafu ameingia chumbani akafunga mlango."

"Mpenzi, subiri kwanza nizungumze na baba..."

"Wiki nzima hukuzungumza naye," Hamira akasema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko ukali. "Nishonee kanzu ndefu. Mimi mrefu." Akakata.

Kanzu ilikuwa tayari imeshashonwa. Ilining'inia ukutani, mabega mapana, kama mtu aliyekuja kudai. Sindano aliitazama mpaka macho yakamuuma, kisha akatoka kwenda kumtafuta baba yake. Akamkuta na wazee wa kanisa, wameinua mbao, bomba linajaza birika. "Baba, nina neno," akasema. "Binti yangu, kesho baada ya maji, maneno yote," baba akajibu, akamgeukia mzee mmoja. Na Sindano, ambaye angeweza kusema pale pale, aliondoka. Usiku ule alijichukia.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mchungaji alikuwa ndani ya birika, maji kiunoni, uso unang'aa. Mmoja baada ya mwingine walishuka ngazi, wakazama, wakainuka wakihema, watu wakaimba. Katika chumba cha pembeni Sindano aligawa kanzu na mataulo. Alibaki Hamira tu, miguu mitupu, amenyoa ndevu, amepungua.

"Nipe," akasema, akinyoosha mkono.

Sindano alikuwa ameikumbatia kanzu kifuani.

"Sikupi."

"Sindano, watu wanasubiri."

"Ukishuka pale unakwenda kusema kwamba yule mkunga hakufanya kitu. Unakwenda kumwambia mama yako hivyo, mbele ya watu. Tutaoana, halafu nitakaa meza moja na yeye nikijua nilimfanyia nini. Siwezi, Hamira. Bora nikukose."

"Usiseme hivyo." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Hapa hutaolewa na mimi bila maji haya. Unajua."

"Najua."

Nje Mchungaji akaita, sauti ikagonga kuta: "Amebaki mmoja! Kijana wangu wa mikate yuko wapi?"

Sindano akatoka. Hakuwa amepanga neno hata moja. Alijikuta amesimama kwenye ukingo wa birika, kanzu mkononi, baba yake chini yake majini, na kanisa zima linamtazama. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliliona gauni la buluu. Mama alikuwa amekuja.

"Hakuna aliyebaki, baba."

"Unasemaje?"

"Nilikudanganya. Uliniuliza kama amebatizwa, nikakwambia bado. Alishabatizwa, siku aliyozaliwa. Ulimwambia mama yake kwamba alimlea gizani, na kosa lilikuwa langu."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Uso wa Mchungaji ulikuwa umekunjamana, na Sindano akajua sasa baba atamkana mbele ya watu.

"Alibatizwa kwa njia gani?" Mchungaji akauliza polepole. "Mtoni?"

"Kwa kikombe cha dawa," Hamira akajibu, akitoka pembeni na kusimama karibu na Sindano. "Tulikuwa pacha, Mchungaji. Tulikuwa tunakufa. Mkunga alitumwagia sote wawili. Mimi nilipona."

Mchungaji aliinua mikono kutoka majini. Maji yalimtiririka mikononi yakirudi birikani. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa ili kumkumbusha mafundisho, naye akainua kiganja kumnyamazisha. Halafu akapanda ngazi. Kanzu yake nzito ilimwaga maji kwenye zulia, kwenye sakafu, njia yote ya katikati, watu wakivuta miguu kumpisha, mpaka akafika benchi la mwisho na kusimama mbele ya yule mama, akimlowesha viatu.

"Mama, nilikuaibisha hapa mbele ya watu," akasema. "Naomba msamaha hapa hapa."

Mama alimtazama. "Nimekusikia, Mchungaji."

"Mafundisho yangu sijayabadilisha. Ndoa hii siwezi kuifunga mimi, nikisema nitaifunga nitakuwa nacheza na dhamiri yangu na ya watu hawa. Mtafunga kwenu. Mwanao aje nyumbani na wazee wake kuposa kama watu wanavyoposa, mlango uko wazi. Siku ya ndoa nitakaa benchi la mbele." Akafuta maji usoni, na hayakuwa ya birikani yote. "Nami nilizika, mama. Mama wa huyu binti. Nisingependa mtu aje kuniuliza alikwenda na nini."

Mama akashusha pumzi ndefu, akaukumbatia mkoba wake.

"Yule mwingine," Mchungaji akauliza, "aliitwa nani?"

Mama alimnong'oneza. Mchungaji akaligeukia kanisa, akalitamka jina lile kwa sauti yake ya mimbarini, akalitamka na la Hamira, akamshukuru Mungu kwa wote wawili. Kanisa likasema amina.

Hamira alikuwa hajawahi kulisikia jina la pacha wake likitamkwa na mtu mwingine zaidi ya mama yake. Alikaa chini kwenye ngazi ya birika, pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akalia kwa sauti. Sindano aliidondosha kanzu, akaketi kando yake na gauni lake jipya likalowa lote.